Mkono wa Kuume

Asubuhi ile Mtaa wa Mchikichi mzima uligawiwa kadi, isipokuwa nyumba moja. Vijana wa tawi walipita mlango kwa mlango, Balozi Bushiri wa nyumba kumi mbele yao. Kila walipoona mlango wenye alama ya chaki, iliyotiwa siku ya kuandikisha, walisimama, wakaita majina, wakatoa kadi za duka la ushirika, wakaendelea. Walipofika kwa Bi Siwema wakapita kama vile pale pana kiwanja kitupu. Bi Siwema alikuwa barazani, kanga mpya kajitanda, majina ya wapangaji wake wote kayapanga kichwani tayari kuyaitikia. Akabaki mdomo wazi akiwatazama wanapiga hodi kwa jirani.

"Balozi," akaita. "Na sisi je?"

Bushiri akageuka, akautazama mlango. "Nyumba yako haijaandikwa, Bi Siwema. Haina chaki."

"Haijaandikwa vipi? Si ulikaa hapa hapa ukiandika, na kahawa yangu ukanywa?"

"Nilikaa. Lakini vijana hawa wameletwa kutoka tawi jingine ili pasiwe na upendeleo. Wao wanafuata chaki. Yenye chaki imeandikwa, isiyo na chaki haijaandikwa. Mimi hapa mwonyesha njia tu."

Angelina alikuwa ukumbini anafagia, ufagio ukamfia mkononi. Alfajiri alimwona mumewe pale mlangoni na kitambaa kibichi. Alikuwa amefurahi. Alidhani Pantaleo kaamua kusaidia usafi wa nyumba, jambo ambalo hajapata kuliona tangu waoane, akaenda uani akawasha jiko huku anatabasamu peke yake.

"Nani kafuta mlango wangu?" Bi Siwema aliuliza nyumba nzima.

Zena, mpangaji wa chumba cha kati ambaye riziki yake ni kukaanga vitumbua, alitoka na kibao cha mbuzi mkononi. Zamda, binti wa Bi Siwema, aliyekuwa bado ndani ya arobaini na mtoto mchanga, alichungulia dirishani. Pantaleo akaja kutoka uani, mswaki mdomoni, amevaa ovaroli ya karakana ya reli.

"Mimi," akasema, kama mtoto anayeitika jina shuleni.

"Wewe, Baba Candida?"

"Mimi. Ile ilikuwa chapa."

"Chapa ya nini?"

"Ya mnyama."

Bi Siwema akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mnyama gani? Nyumba yangu ina mnyama gani zaidi ya yule paka wa Zena?"

Pantaleo akatoa mswaki mdomoni, akaeleza kwamba yamekwisha kuandikwa katika Ufunuo: zitakuja siku mtu hawezi kununua wala kuuza asipokuwa na chapa. Na siku hizo ndizo hizi. Kama kuna mtu ameona sukari bila kadi, amwonyeshe. Akasema samahani kwa usumbufu, akachukua mfuko wake, akaenda kazini karakanani, mtaa wa Gerezani.

Balozi Bushiri akamwachia Bi Siwema neno moja. Kadi za nyumba hiyo zinarudi tawini, na Jumamosi ndiyo mwisho. "Na aje aliyefuta. Aseme mbele ya watu, na azipokee kadi za nyumba nzima yeye mwenyewe. Nikizibeba mimi wataniambia nawauzia walanguzi."

Alipoondoka, Bi Siwema akamgeukia Angelina. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Angelina.

"Mama Candida, tumekaa vizuri. Mwanao namhesabu mjukuu wangu. Lakini binti yangu ana kichanga, na ndani hakuna hata sukari ya kumkorogea uji. Zena hapo hana unga, hana kazi. Jumamosi kadi zikiingia humu, tumesahau. Zisipoingia, mkatafute chumba Magomeni kwa watu wasiopenda kula."

* * *

Jioni Angelina alishusha pazia la mlango wa chumba chao, akamtuma Candida kwa Zena, akakaa kitandani kumsubiri mumewe. Maneno alikuwa nayo tele. Pantaleo alipoingia na kumwambia pole kwa kutwa, yote yakapotea.

"Ni huyo Ignasi," ndilo lililomtoka.

Ignasi alikuwa fundi seremala, zamani mwenzake Pantaleo karakanani. Aliacha kazi, akawa anakusanya watu jioni chini ya banda la mbao huko Gerezani, anawasomea.

"Ignasi hajatunga," Pantaleo akasema. "Anasoma tu. Kibaba cha ngano kwa mshahara wa kutwa, imeandikwa. Nenda kwa mlanguzi leo, si ndiyo bei? Vita, imeandikwa. Mtoto wa dada yangu kabaki Uganda, au nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Basi na hii kadi imeandikwa."

"Mbona ya chama unayo?"

"Niliichukua kabla sijajua."

"Na kitambulisho cha reli?"

"Hicho hakinunui kitu."

Kilichomchanganya Angelina ni kwamba Pantaleo hakuwa mtu wa kuropoka. Mitambo iliyowashinda wengine aliletewa yeye, na alipofungua kitu alijua kukifunga. Ingekuwa pombe angejua pa kushika.

"Tukitolewa humu, Candida atalala wapi?"

Pantaleo akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda. "Unadhani silifikirii hilo? Namfikiria Candida, ndiyo maana naogopa. Nikikosea kwa unga, tutakuwa na njaa. Nikikosea kwa Mungu, je?"

* * *

Kesho yake Angelina alikwenda kanisani Msimbazi kumtafuta Katekista Anselmi. Alimkuta nyuma ya jengo anaziba pancha ya baiskeli, vidole vimejaa solusheni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na amina. Karibu Mama Candida, mkono siwezi kukupa."

"Katekista, kile kitabu cha mwisho kiliandikiwa nani?"

Anselmi akainua macho. Watu humjia na habari za ubatizo na vyeti vya ndoa. Akafuta jasho kwa kiwiko, akaeleza kama alivyofundishwa. Kuna Yohana, alifungiwa kisiwani kwa ajili ya imani yake. Ng'ambo ya maji kulikuwa na makanisa saba, katika miji saba ya Asia, watu wa kawaida tu: wafumaji, wapaka rangi vitambaa, watumwa wa majumbani. Kaisari wa Rumi alitaka aabudiwe kama Mungu. Asiyefukiza ubani mbele ya sanamu yake alitengwa na wenzake, na biashara yake ikafa. Basi Yohana akawapelekea maono yake ili wasikate tamaa na wasikubali, kwamba utawala ule mkubwa nao utaanguka. Alisema kwa mifano ya wanyama na pembe. Wenyewe walielewa, askari akikikamata kitabu asielewe.

"Kwa hiyo mnyama ni Kaisari."

"Wengi wanasema hivyo."

"Basi ameshakufa."

"Kaisari amekufa."

"Na mnyama?"

Anselmi akakandamiza kiraka kwa kidole gumba, muda mrefu kuliko kiraka kinavyotaka. "Padri mmoja alituambia kila zama zina mnyama wake."

"Na wa sasa ni nani?"

Katekista akageuka kutazama barabarani, halafu akarudisha uso kwenye tyubu. "Mama Candida, mimi nafundisha komunyo ya kwanza."

Angelina akabaki amesimama. Alikuja na swali moja, sasa anayo matatu. Alipoaga, Anselmi akamwita tena. "Kasomeni wenyewe. Lakini muanze mwanzo. Ignasi anaanzia katikati, kwenye wanyama. Ile ni barua. Na barua yoyote, kwanza inasalimia."

* * *

Alasiri hiyo uani kulikuwa na mihogo. Unga hakuna, basi nyumba nzima ilimenya mihogo. Angelina aliichukua Biblia ya mumewe chini ya mto, akakaa pembeni kusoma kimya.

"Soma kwa sauti," Bi Siwema akasema. "Nikimfukuza mtu kwa ajili ya kitabu, angalau nikijue."

Angelina akasoma. Na kweli, ilianza kwa salamu. Yohana kwa makanisa saba. Halafu kila mji ukapata habari yake. Wa kwanza waliambiwa wana bidii, wamevumilia mengi na waongo wanawajua, ila pendo walilokuwa nalo mwanzo wameliacha.

"Hao ni Mama Candida na mumewe," Zena akasema, na kisu hakikusimama.

"Hebu mwache asome," Bi Siwema akasema, lakini naye mabega yalikuwa yanatikisika.

Mji mwingine uliambiwa una jina la kuwa hai nao umekufa. Zena akasema hilo duka la ushirika, mlango wazi na ndani panya. Wa mwisho si moto wala baridi, wanajiona matajiri kumbe wako uchi. Kutoka dirishani Zamda akamtaja Balozi Bushiri, mama yake akamwambia nyamaza wewe mzazi, na wote wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

"Hivi," Bi Siwema akauliza akijifuta machozi, "barua hii ilipofika, ilisomwa mbele ya wote? Wa mji huu wakasikia aibu ya mji ule?"

"Inaonekana ndivyo. Imesema heri asomaye na heri wanaosikia."

"Basi huyo Yohana alikuwa mtu wa uswahilini."

"Ni kama salamu za redioni," Zamda akasema. "Fulani wa Tabora anamsalimia mama yake Lindi, anamwambia usihuzunike. Na wewe uko Kariakoo, hawakujui, unasikiliza tu."

"Ila huwa unalia," Zena akamwambia.

"Nalia," Zamda akakubali.

Ndipo walipomwona Pantaleo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi na mfuko wake wa kazi, hawakujua tangu saa ngapi.

"Endelea," akasema. "Usiishie hapo."

Angelina akaendelea. Akaruka kidogo, Pantaleo akamwambia asiruke. Wakaja farasi, ikaja ngano na bei yake, wakaja wanyama. Kicheko kikapungua, kikaisha. Alipofika kwenye chapa, katika mkono wa kuume au kipaji cha uso, kwamba mtu yeyote asiweze kununua wala kuuza, kisu cha Zena kilikuwa kimesimama.

"Hapo funga," Bi Siwema akasema. Akaokota muhogo, akaurudisha. "Na sisi tunaye wa kwetu, Dajali. Nimemsikia tangu utotoni. Lakini sikusikia kuwa atakuja na unga wa njano, huu wa yanga."

Alilisema kwa kuchekesha. Sauti ndiyo haikucheka. Na Angelina, ambaye alitegemea mwenye nyumba abaki na hasira yake, maana hasira angalau ni kitu cha kueleweka, akaona sasa hata huko hakushikiki.

* * *

Ijumaa alikwenda Gerezani kwa Ignasi, amejiandaa kwa ugomvi. Alijua atakachokuta: mtu mwenye tumbo anayewashindisha wenzake njaa. Alikuta banda limepangwa mbao chache, na Ignasi shingo imebaki mishipa. Mkewe alikuwa anapakua viazi vitamu, vichache, na kabla Angelina hajasema lolote alikuwa amewekewa sahani.

"Na nyie hamkuchukua kadi?" Angelina akauliza.

"Hatukuchukua," Ignasi akasema. "Kula, mama."

Akala. Ugomvi utaufanyaje na mtu unayekula chakula chake? Akamweleza habari ya makanisa saba, ya Kaisari, ya salamu za redioni. Ignasi akasikiliza vizuri, bila kumkatiza.

"Katekista hajakosea," akasema. "Waliandikiwa wale. Lakini maneno yangekuwa yao peke yao wangezikwa nayo. Mbona yametufikia?"

Hilo nalo likamwingia. Akageuza kiazi sahanini. Angelina alikuwa ameuza nyanya sokoni miaka kabla Candida hajazaliwa, na alijua kwamba bei ikikataa kushuka, unaomba nyongeza.

"Imesema mkono wa kuume."

"Ndiyo. Wa kulia."

"Na mtu akipokea kwa wa kushoto?"

Ignasi akapangusa mikono kwenye suruali. Akamtazama mkewe. Akakichukua kitabu, akakitafuta mahali pale, akasoma kwa midomo tu.

"Kitabu kinasema wa kuume," akasema mwishowe, taratibu. "Wa kushoto hakikuutaja."

Angelina alirudi nyumbani karibu kukimbia. Pantaleo alilipokea jambo hilo kama anavyopokea mashine, akaligeuza huku na huku, akauliza kama Ignasi mwenyewe ndiye aliyesema. Kisha akasema basi, kesho nitakwenda. Angelina akalala usingizi wa kwanza tangu Jumatatu. Alikuwa ameshughulika na Mungu hata akamsahau Balozi Bushiri.

* * *

Mbele ya ofisi ya tawi foleni ilikuwa ya mawe. Kila jiwe lilikuwa la mtu, na wenyewe wamekaa kivulini wakizungumza. Pantaleo alipofika, mtaa ulikuwa umeshapata habari. Mawe yakaachwa, watu wakasogea.

Bushiri alikuwa mezani na mmoja wa wale vijana. Mkononi alikuwa na kadi za nyumba ya Bi Siwema, zimefungwa kwa mpira.

"Ndugu Pantaleo. Waeleze wananchi."

"Nilifuta chaki mlangoni. Ilikuwa nyumba ya watu wengi, nikafuta kana kwamba ni yangu. Naomba radhi."

"Kwa nini ulifuta?"

"Niliogopa."

"Uliogopa chaki?" akauliza kijana wa mezani, na watu wakaangua kicheko. Mmoja nyuma akasema karakana ya reli nayo ijihadhari, huyu akiona spana yenye namba atakimbia. Angelina alisimama kando ya Bi Siwema, akatazama chini. Aibu ilikuwa yake, na hata hivyo kulikuwa na kitu kama fahari, na hakujua kwa nini viwili hivyo vimekaa pamoja.

"Haya, yamekwisha," Bushiri akasema. Hakuwa mtu mbaya. "Pokea." Akanyoosha kadi.

Pantaleo akauweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akanyoosha wa kushoto.

Kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri. Bushiri akazirudisha kadi kifuani.

"Mkono gani huo?"

Mkono wa kushoto ukabaki umenyooshwa.

"Nakupa chakula cha watoto, unanipokelea kwa mkono wa chooni? Mbele ya watu? Mimi nina umri wa baba yako."

"Si dharau, mzee wangu."

"Basi toa wa kulia."

Mkono ule haukutoka. Angelina aliuona kwa nyuma, vidole vimekunjwa. Bi Siwema akasonya. Watu wakaanza: huyo aondolewe, anatuchelewesha, kadi ziende kwa wengine. Na kijana wa mezani akanyoosha mkono wake kuzichukua kadi azirudishe kwenye boksi.

Angelina hakukumbuka kutembea. Alijikuta mbele ya meza.

"Nipe mimi, Balozi."

"Aliyefuta ni yeye."

"Aliyemwambia atumie mkono wa kushoto ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba," Bushiri akasema, kwa mazoea tu, na hasira ikapungua kidogo kwa sababu ya kuitikia.

Angelina akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. Hapo, mbele ya umati, ndipo woga wa Pantaleo ulipomwingia yeye, mzimamzima, na banda la Ignasi, na kiraka cha Anselmi, na kisu cha Zena kilichosimama. Hakuwa na uhakika hata kidogo. Nyuma yake akamsikia mumewe anaita, polepole, "Angelina," jina ambalo tangu wapate mtoto alikuwa halitumii.

"Kama ni hiyo chapa, basi iwe kwangu," akamwambia bila kugeuka.

Bushiri akaziweka kadi kiganjani.

* * *

Adhuhuri ile nyumba ya Bi Siwema ilinuka ugali. Zena alikuwa anahesabu itabidi aloweke kiasi gani kwa ajili ya kesho, na Zamda alikuwa amepata uji. Bi Siwema alipita mlangoni kwa Angelina, akatazama ndani, akasema, "Haya, kuleni," na hilo lilikuwa ndilo neno lake la kusahau.

Ugali wa yanga ulikuwa mezani, njano kama jezi za timu yenyewe, na bakuli la mchicha. Candida alikuwa ameshakaa. Angelina akashika kopo la maji na beseni amnawishe mumewe, kama siku zote. Pantaleo akalichukua kopo.

"Lete mkono."

"Upi?"

"Huo."

Akamwagia maji. Akausugua kwa kidole gumba, kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, bila haraka, kama mtu anayefuta mlango alfajiri. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kuna kitu?" Angelina akauliza.

"Sioni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

"Hata mimi sijui," Angelina akasema. Candida akawaambia ugali unapoa.

Pantaleo bado alikuwa ameushika. Kisha akampa kopo mkewe, akakunja mkono wa ovaroli mpaka kiwikoni, akaunyoosha wake wa kulia juu ya beseni.

"Haya," akasema. "Na mimi ninawishe."